Maneno Niliyomnyima

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema, asije mtu akanishuku kwamba nimelificha. Muuza samaki akiniapia kwamba changu wake ni wa leo, namfunua mashavu kwanza. Mtu nisiyezoeana naye akiniletea salamu ndefu, nangoja shida yake ifuate nyuma. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nikifika peponi nitaomba kwanza nioneshwe hati ya kiwanja. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa nashughulika kutafuta nani aliyemfundisha maneno yale.

Kwa tabia hiyo nikapewa kazi ya kusomesha Kiingereza, katika skuli moja ya sekondari si mbali na Ole, kisiwani Pemba. Sijui kama ilikuwa busara. Lugha ya watu ukiisomesha miaka mingi unakuwa kama mpangaji wa nyumba ya mtu: milango yote unaijua, na hakuna mlango wako. Nilikuwa nawafundisha watoto maneno, nawasahihishia, nawapasisha, na moyoni nasema haya maneno yana jambo.

Wasiwasi huo ulipata chakula mwaka aliotufikia mgeni. Alikuwa mwalimu kijana wa kike kutoka Uingereza, kaja kujitolea kwa muhula mmoja. Alikuwa na adabu, alifunga mtandio bila ya kuambiwa, na kila alichokiona alikisifu. Muhogo wa nazi ulikuwa "amazing". Mvua iliyovuja juu ya dawati la kidato cha pili ilikuwa "amazing". Mtoto akijibu swali lililokuwemo kwenye ukurasa uliofunguliwa mbele yake, alikuwa "incredible". Siku niliyompeleka kumwonesha choo kipya cha walimu, nacho kikawa "fantastic". Nikasema moyoni, mtu anayesifu choo namna hii, akikisifu kitu cha maana tutajuaje?

Kwetu sifa ina adabu yake. Humsifu mtoto wa mtu bila ya kutanguliza Mashaallah, na ukitaka salama zaidi, humsifu kabisa. Muulize mkulima wa Ole mikarafuu yake imezaaje mwaka huu. Matawi yameinama mpaka yanataka kukatika, naye atakujibu, "Zipo zipo tu, si haba." Mama kapakata kitoto kinene, mashavu kama maandazi, atakwambia, "Hiki kibaya changu hiki, hakili." Hakuna anayedanganywa. Tunajua sote kwamba "si haba" maana yake ni nyingi, na "kibaya changu" maana yake ni roho yangu. Lakini jicho la hasidi halijui, na jicho ndilo tunalolificha.

Nilipokuwa mdogo alipita mtu mbele ya nyumba ya bibi yangu, akasimama chini ya mkarafuu wa ubavuni, akasema, "Lo, mti huu!" Akenda zake. Hakusema Mashaallah. Wiki ile ile tawi kubwa likaanguka, na bibi alimtaja mtu yule mpaka siku anakufa. Tawi nililiona mwenyewe, lilikuwa limeliwa na mchwa ndani tupu. Nikamwamini bibi na nikawaamini mchwa, wote pamoja, na mpaka leo sijaona tabu yoyote ya kufanya hivyo.

Basi Ijumaa moja ya masika, mvua hainipi nafasi hata ya kufika kisimani, nikatoa kamusi langu. Ni kamusi kubwa la zamani, halina jalada, nilirithishwa na mwalimu aliyestaafu. Ubora wake ni kwamba halikwambii tu neno lina maana gani, linakwambia na lilikotoka na lilivyokuwa likitumika zamani. Nikasema leo nitamjua huyu "amazing" ni mtoto wa nani.

Nilikaa mpaka adhana ya alasiri. Nilichokiona kilinifanya nifunge mlango, ingawa nyumbani nilikuwa peke yangu. "Amaze" hapo zamani lilikuwa ni kumtoa mtu akili, kama aliyepigwa rungu la kichwa. "Astonish" asili yake ni radi: mtu kapigwa na ngurumo, kakauka. "Surprise" lilikuwa neno la vita, kuwavamia watu hawana habari na kuwakamata. "Terrific", ambalo mgeni wetu alilitumia kwa chapati, lilikuwa ni kitu cha kutia hofu mpaka magoti yagongane. "Incredible" ni kisichosadikika. "Fabulous" ni cha kwenye hekaya. "Fantastic" ni kile kilichomo kichwani mwa mtu tu, hakipo duniani. Kwa hivyo choo chetu, kwa maneno ya wazee wao wenyewe, hakikuwapo.

Na "awful" ndilo lililonishangaza zaidi. Mizizi yake ni kicho kile cha kutetemeka, mja mbele ya Mola wake. Leo wanalisemea chai iliyopoa. Dada yake, "awesome", wanamsemea viatu. Maneno mawili ya tumbo moja, moja kalaaniwa na moja kaozwa vizuri, na hakuna aliyeandikiwa taarifa. Nikatafuta "stupendous", nikalikuta ni jamaa wa damu na "stupid", neno lao la mjinga. Hapo nilitulia kidogo, kwa sababu na sisi tunalo hilo: aliyepumbaa kwa mshangao na mpumbavu wametoka mlango mmoja. Mwisho nikalitafuta "wonder" lenyewe, mama wa yote. Kamusi likasema mzizi wake haujulikani.

Nikafunga kitabu. Nikasema, hawa watu ghala lao zima la sifa wamelijenga juu ya hofu, vita, uongo na vitu visivyokuwapo, halafu wanamwagia watoto wetu vichwani. Mtu akikusifu kwa neno lililokuwa rungu, una haki ya kuuliza rungu limekwenda wapi.

Jumatatu nikamweleza mgeni, tukinywa chai ofisini. Nilitaka aone aibu kidogo. Akafungua macho, akaniangalia kwa mapenzi kabisa, akasema hilo nalo ni "amazing". Nikaacha.

Sasa nimtaje mtoto, kwa sababu habari hii ni yake. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu wakati huo, nikimsomesha tangu kidato cha pili, mtoto wa mama mmoja wa Ole mwenye shamba la muhogo, na msimu wa karafuu huchuma kwenye mashamba ya watu. Baba hakuwepo tena duniani. Mtoto hakuwa msemaji, lakini maswali yake yalikuwa yananifuata mpaka nyumbani. Nilipolieleza darasa kwamba maneno hubadilika maana, wenziwe waliandika daftarini. Yeye akanyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, neno likigeuka, nani kapiga kura?" Nikamwambia akae kitako. Usiku nilikuwa bado natafuta jawabu.

Muhula ule niliwapa insha waandike kwa Kiingereza juu ya kitu cha ajabu. Darasa zima wakaandika mlima uliomo kwenye kitabu, mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Yeye aliandika karafuu. Aliandika kwamba karafuu ni ua ambalo lazima lichumwe kabla halijafunguka, kwa sababu likifunguka halina bei. Akaandika kwamba kisiwa kizima kinaishi kwa maua yaliyokatazwa kuchanua, na kwamba mama yake amechuma maisha yake yote na hajui harufu ya ua lenyewe likiwa limekamilika.

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa na furaha mpaka machozi yakanilenga, na nalisema hivi hivi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Kisha nikafanya ninayoyafanya siku zote. Nilichukua vitabu vyote vya kabati la skuli, kimoja kimoja, kutafuta alikonakili. Sikupata. Nikamwita.

"Insha hii nani kakuandikia?"

"Mie mwenyewe, Mwalimu."

"Haya."

Nikampa kumi na sita juu ya ishirini, na chini nikaandika: Vizuri, angalia vituo vyako. Vituo vyake havikuwa na kosa lolote.

Mgeni naye aliisoma ile insha. Hakungoja. Aliinuka mbele ya darasa, kaishika juu kama bendera, akayamwaga yote: "amazing", "astonishing", "incredible". Watoto thalathini na kitu wanasikiliza, na wengine wana macho.

Kesho yake asubuhi mama mtu alikuwa mlangoni kwangu, kabla sijatia buibui.

"Mwalimu, yule mgeni kamtia mwanangu midomoni mwa watu."

"Nimeona, mwenzangu. Hakukusudia."

"Kukusudia si kitu. Jicho halikusudii. Weye n'najua humsifu, na mie nakushukuru kwa hilo."

Wiki ile mtoto akashikwa na homa, siku tatu. Ilikuwa masika, nusu ya skuli ina homa, na mimi mwenyewe nilikuwa napiga chafya. Lakini mimi na mama yake tulitazamana tukajua. Akasomewa dua, homa ikashuka, na mimi nikazidi kujikaza. Nilimpenda mtoto yule kuliko wanafunzi wote niliopata kuwasomesha, na kwa sababu hiyo hasa, nikawa namwambia kidogo kuliko wote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilikuwa na methali ya kila kitu.

Mgeni alirudi kwao. Mwaka uliofuata, mtoto anamaliza kidato cha nne, likaja jambo kutoka kwake. Alituandikia kwamba kuna watu huko wana nafasi za masomo za kwenda nje, miaka miwili ya mwanzo na kisha chuo kikuu, kila kitu wanalipa wao. Akataka yule msichana aombe. Mtoto ajaze sehemu yake, na mwalimu wake wa darasa, yaani mimi, amwandikie barua ya kumweleza.

Mnafikiri nililala? Kwa nini Pemba? Kwa nini huyu? Nani hao wenye kulipa, na wanalipa ili wapate nini? Nilikwenda mpaka Chake Chake, nikakaa kwenye benchi la afisi ya elimu asubuhi nzima, nikamuuliza mzee mmoja wa pale. Akaniambia ni kweli, wapo watoto wamekwenda na wamerudi na vyeti vyao, hawakubadili dini wala hawakupotea. Nikamuuliza yeye amejuaje. Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kutafuta nafasi ya mtoto au kufungua kesi.

Nikampelekea mama habari. Alikuwa anamenya muhogo, hakusita na kisu chake.

"Mwalimu, mie sisomi. Chuo cha hapa siwezi kumlipia, hilo unalijua. Asipopata hii, basi ndiyo kashasoma. Weye ukisema ndio, na mie ndio."

Ndivyo ilivyokuwa. Akipata, atasoma mpaka achoke mwenyewe. Akikosa, amemaliza. Na neno la kumwombea liko mkononi mwangu, mimi mtu wa maneno.

Fomu ilikuwa na visanduku. Wanataka nieleze huyu mwanafunzi yuko wapi ukimlinganisha na wote niliowasomesha. Kisanduku cha juu kilisema ni bora kuliko wote. Cha pili, ni miongoni mwa wachache bora. Kikafuata kizuri sana, kikafuata cha juu ya wastani, kisha wastani, kisha vilivyobaki. Nilikuwa na kalamu juu ya kile cha kwanza, wallahi, na mkono ukakataa. Niliona kama nasimama na mimi mbele ya watu nimeinyanyua bendera ile ile. Kwenda nchi ya watu, mtoto wa kike, peke yake, halafu nimtangulizie sifa kama hiyo, si ndiyo kumtia kwenye moto? Nikatia alama kwenye juu ya wastani. Nikajiambia mtu mwenye akili ataelewa.

Barua nayo nikaipima. Kila neno la mshangao lililonijia nililijua ukoo wake. Sikuandika "astonishing", sikutaka radi impige mtoto. Sikuandika "incredible", vipi nimwombee mtu kwa kusema hasadikiki? Niliandika kwamba ni mtoto mwenye adabu. Anajitahidi. Anahudhuria. Kiingereza chake si kibaya. Akipewa nafasi, Mungu akijaalia, hatawatia aibu. Nikaisoma nikairidhia kabisa. Kwa macho yetu sisi ilikuwa barua ya dhahabu. Mpemba yeyote angeisoma angesema, huyu mwalimu ana kito anakificha.

Mama aliniuliza nimemwandikaje.

"Nimemwandika si haba."

"Alhamdulillahi," akasema, na akapumua.

Nikaitia bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikampa mtoto aipeleke Chake Chake kwenye duka linalotuma mambo kwa kompyuta.

Jawabu likaja baada ya miezi, fupi na la upole. Walioomba walikuwa wengi. Wanamtakia kila la heri. Na baada ya siku chache nikasikia kwamba nafasi kachukua mvulana wa skuli nyengine pale pale Chake Chake, na mwalimu wake namjua, tulisoma chuo kimoja. Mvulana yule nami namjua. Niliwahi kumsahihishia mitihani yake ya majaribio. Alikuwa mzuri, basi. Hakuwa na moja ya kumi ya msichana wetu.

Hapo ndipo tabia yangu ilipopata pa kula. Nikasema wazi, kuna mkono. Nikasema ofisini, nikasema arusini, nikasema mazishini tukichambua mchele. Yule mwalimu kajuana na watu. Yule mzee wa afisi ya elimu alicheka kwa nini? Yule mgeni alikuwa anatupima tu. Mtu akiniambia pengine ni bahati, nilimtazama kama naye yumo. Nikenda mpaka Ole nikamwambia mama, msichana akiwapo, anatwanga: "Hawa wanapeana wanaojuana. Nyinyi msijilaumu." Mama akasema ni riziki, kila mtu na yake. Mtoto aliendelea kutwanga, na mimi nikaona hiyo ni subira.

Yule mwalimu mwenzangu nikamnyima salamu mwaka mzima. Kwetu hilo si jambo dogo. Nilikuwa nikimwona sokoni nageuza njia kama nimesahau nazi.

Halafu tukakutana kwenye semina ya walimu, Chake Chake, na viti vimepangwa, hakuna pa kukimbilia. Wakati wa chai akaja akakaa mbele yangu na kikombe chake.

"Mwalimu, nasikia unasema nimehonga."

"Nasema ninachokiona."

"Basi na hiki kione." Akatoa simu, akanitafutia barua aliyomwandikia yule mvulana, akanipa.

Nikaisoma. Jamaa zangu wote wa kwenye kamusi walikuwemo. Mvulana alikuwa "extraordinary". Akili yake ilikuwa "astonishing". Maendeleo yake yalikuwa "incredible", na walimu wote "amazed". Kisanduku alichokitia alama ni cha kwanza kabisa. Nikamrejeshea simu yake.

"Huu ni uongo mtupu. Mtoto yule si hodari hivi, na unajua."

"Si uongo, Mwalimu. Ni Kiingereza."

"Unayajua maneno haya yametoka wapi?"

"Sijui, na wanaoyasoma nao hawajui. Hayo yashang'oka meno zamani. Wao hao wakiandika mtu mzuri, maana yake hafai. Wakiandika anajitahidi, maana yake ndiyo kabisa, mtoto hana kitu ila wanamwonea haya. Mie nililiulizia hilo kabla sijaandika. Nilimuuliza mwalimu aliyewahi kuwaandikia." Akanywa chai. Kisha akaniuliza swali ambalo mwaka mzima sikuwa nimejiuliza. "Weye wako ulimwandikaje?"

Nilitaka kumdanganya. Sijui kwa nini sikumdanganya. Nikamwambia neno kwa neno, mpaka kisanduku. Alikuwa Mpemba kama mimi, aliisikia barua ile kwa sikio letu, na nikamwona anaielewa, anaona kito kilivyofichwa. Kisha nikamwona anaisoma tena kwa macho ya wale wengine.

"Lahaula," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Nilitafuta wa kumshuku. Nilizunguka meza nzima ya moyo wangu, mgeni, afisi, mvulana, watu wa huko, na kila kiti nilichokigeuza nilijikuta nimekikalia mimi. Sijapata kuona aibu kama ile.

Naye ndiye aliyenambia kwamba fomu zimefunguliwa tena, zinafungwa Ijumaa, na kwa umri msichana bado anaruhusiwa, ila huu ndio mwaka wake wa mwisho. Ilikuwa Jumanne. Nikampa mkono, nikamwomba radhi kwa yote niliyosema, akasema tusameheane. Kisha nikachukua bodaboda moja kwa moja mpaka Ole, na mizigo yangu ya semina mapajani.

Nilimkuta uani, anaanua muhogo uliokaushwa. Alikuwa amepata kazi ya kusaidia watoto wa nasari, asubuhi tu. Akaniamkia kwa kunishika mkono, akanitolea kigoda. Mama alikuwa jikoni anasikia. Nikamwambia habari ya fomu, na nikamwambia mara hii nitamwandikia barua nyengine, kwa sababu ile ya kwanza niliiandika vibaya.

"Ile barua n'liisoma, Mwalimu."

"Uliifungua bahasha?" Hata hapo, Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Waliifungua wale wa dukani, lazima ipigwe picha. Ikatokea kwenye kompyuta, na mie n'mekaa mbele yake." Alikuwa anaongea huku anapanga vipande vya muhogo ndani ya pakacha. "Wala sikuvunjika moyo. N'lifurahi kuona angalau hukunisema vibaya. Juu ya wastani. N'kasema basi ndivyo nilivyo, afadhali n'najua."

"Sivyo ulivyo."

Akanyanyua macho.

"Nilikuwa nakuficha," nikamwambia. "Kila mtu hapa anajua tunavyosema. Nilidhani na wewe unajua."

"Yakisemwa ya karafuu n'najua, Mwalimu. Yakisemwa ya watu wengine n'najua. Yangu mie nitajuaje?"

Nikamwambia hapo hapo. Nilisema yote niliyoyazuia miaka minne, kwa Kiswahili, kwa sauti, bila ya kupima neno. Nilimwambia kwamba sijapata kumsomesha mtoto mfano wake na sitarajii kumpata mwengine. Nilimwambia kwamba ile insha ya karafuu nilitaka kuilia. Nilimwambia anapouliza swali mimi huenda nalo nyumbani. Jikoni mama akaanza, "Mashaallah, Mashaallah," haraka haraka, kila sentensi yangu na yake, kama mtu anayezima cheche kabla hazijashika makuti. Sikunyamaza. Nilisema mpaka nikawa sina zaidi.

Msichana alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya pakacha. Alikuwa ananitazama usoni kwa makini sana. Mtazamo ule niliujua, kwa sababu ni wangu. Alikuwa anatafuta ninataka nini.

"Unanionea huruma, Mwalimu?" akauliza.

"Hapana. Nasema kweli."

"Ahsante," akasema, kwa adabu zake zote, na akainama akaendelea kupanga muhogo. Akasema watoto wa nasari wamemzoea. Akasema pengine nafasi ile aipate mtoto ambaye kweli anaweza.

Jumatano nilirudi, na Alkhamisi. Nilikwenda na fomu na kalamu, na barua mpya niliyokesha naiandika, yenye kila neno lililomo kwenye kamusi. Aliisoma yote, akanirejeshea kwa mikono miwili, akaniambia imeandikwa vizuri. Ijumaa baada ya sala fomu zikafungwa, yake haijajazwa. Miaka minne mtoto yule alisadiki kila nililomwambia, hata nilipomwambia uongo kwa kumpenda. Hili la kweli ndilo la kwanza alilolikataa.